ENKOBA: NI NANI HUITUMA RADI GUSII?

Ukitaka kuzua mjadala bwenini usiku wa mvua, huna haja ya kutaja mpira wala siasa. Uliza tu: radi hutumwa au hujijia yenyewe? Papo hapo watu watagawanyika pande mbili. Huku watakaa wale wa "hiyo ni sayansi, bwana", na kule wale wa "unasema hivyo kwa sababu haijapiga kwenu." Taa zitazimwa, bweni litanyamaza kwa kumwogopa mwalimu wa zamu, lakini mjadala utaendelea chini ya blanketi.

Chama chetu kilipoamua kwamba toleo hili liwe na makala kuhusu mambo ya ajabu ya kwetu, wenzangu waligombania mada. Kuna waliotaka wakimbiaji wa usiku. Kuna waliomtaka mtabiri Sakagwa, ambaye wazee husema alitabiri kuja kwa Wazungu kabla hawajaonekana katika nchi hii. Mimi niliomba niachiwe radi, ambayo kwa Ekegusii tunaiita enkoba. Sababu yangu ni nyepesi. Katika maajabu yote yaliyotajwa siku ile, hili ndilo pekee linaloweza kutuua uwanjani saa kumi na nusu jioni tukicheza mpira. Yafaa basi tujue lipi ni kweli na lipi ni porojo.

YASEMWAYO KUHUSU ENKOBA

Kwanza niyataje yale ambayo wengi wetu tumeyasikia nyumbani, tuwe tumetoka Ogembo, Tabaka, Keroka au Nyansiongo.

Husemwa kwamba radi ni jogoo. Jirani zetu Waluhya husimulia habari za jogoo mkubwa mwekundu anayeshuka kutoka mawinguni, akaparura ardhi kwa kucha zake, kisha akarudi juu. Hadithi hiyo imevuka mito na vilima hadi kwetu. Hata kule mbali Afrika Kusini, Waxhosa na Wazulu wana ndege wao wa radi aitwaye impundulu. Ajabu iliyoje! Watu wanaoishi mbali namna hiyo, na wote wameona ndege.

Husemwa pia kwamba mvua ikinyesha usivae nguo nyekundu, kwani radi hupenda rangi hiyo. Vioo vifunikwe kwa kitambaa. Mti uliopigwa na radi usichanjwe kuni. Mtu aliyepigwa asiguswe hadi afike mwenye kujua dawa, la sivyo atakayemgusa naye atamfuata.

Na juu ya hayo yote, husemwa kwamba wapo watu wenye uwezo wa kuituma radi. Ng'ombe akiibwa, mwenyewe huenda kwa mtaalamu. Mwizi hutangaziwa arudishe mali ya watu. Akikaidi, enkoba itamfuata hadi mlangoni kwake hata kama jua linawaka. Ndiyo maana radi ikiua mtu, matanga hayaishi bila minong'ono. Wengine huuliza, "Huyu alikuwa amekula cha nani?" Wengine huuliza, "Ni nani aliyemwonea kijicho?" Swali la kwanza humfanya marehemu kuwa mwizi. Swali la pili humfanya jirani kuwa mchawi. Maiti bado haijazikwa, na tayari watu wawili wamekwisha kuhukumiwa.

KWA NINI IWE KWETU?

Tuambizane ukweli: wazee hawakukosea waliposema kwamba nchi yetu ina radi nyingi. Mgeni anayetoka Garissa au Lodwar akija Kisii mwezi wa Aprili hushtuka, anadhani dunia inakwisha. Je, kwa nini sisi?

Tazama ramani. Magharibi mwetu kuna Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 68,800, nalo ndilo ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Kutoka mji wa Kisii hadi ufuo wa Homa Bay ni takriban kilomita 40 kwa mstari ulionyooka. Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kisii iko juu ya mita 1,600, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Kwa hiyo sisi tunakaa kwenye ngazi inayopanda kutoka ziwani.

Asubuhi jua linapochomoza, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa yenye unyevu kutoka ziwani huja kuchukua nafasi yake. Hewa hiyo ikifika kwetu hukuta vilima, ikalazimika kupanda. Tena hukutana na pepo zinazovuma kutoka mashariki. Pepo mbili zikigongana, hewa haina pa kwenda ila juu. Nasi tuko karibu mno na ikweta, chini ya digrii moja, ambako jua halina huruma. Kufikia saa nane mchana, lile wingu dogo jeupe ulilolitazama ukila chakula cha mchana limekuwa mlima mweusi unaofika kilomita 10 au 15 kwenda juu.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, na pepo huvuma kuelekea majini. Ndipo wavuvi nao hupata zamu yao ya dhoruba, sisi tukiwa tumelala. Basi radi ina ratiba kama ya shule: mchana kwa watu wa milimani, usiku kwa watu wa ziwani. Mchawi gani huyo afuataye ratiba hiyo mwaka nenda mwaka rudi?

Jambo hili halipo kwetu pekee. Mwaka 2016 wanasayansi waliotumia setilaiti ya shirika la anga la Marekani, NASA, walitoa orodha ya mahali penye radi nyingi zaidi duniani. Nafasi ya kwanza ilishikwa na Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, lenye zaidi ya mimweko 230 ya radi kwa kila kilomita mraba kila mwaka. Barani Afrika nafasi ya kwanza ilikwenda Kabare, mashariki mwa Kongo, yenye zaidi ya mimweko 200. Sasa tazama: Maracaibo ni ziwa lililozungukwa na milima. Kabare iko kando ya Ziwa Kivu, nayo ina milima. Nasi tuna ziwa, tuna milima. Ramani ya radi hufuata ramani ya maji na miinuko, na wala haifuati ukoo wala kijiji chenye sifa mbaya.

JINSI RADI INAVYOZALIWA

Ndani ya wingu lile jeusi kuna vita. Juu kuna baridi kali, na maji yamekuwa chembe za barafu. Zipo chembe nyepesi, na yapo mawe madogo ya barafu, yale yale ambayo yakianguka huharibu majani ya chai kule Nyansiongo na kutoboa majani ya migomba. Hewa inayopanda hubeba chembe nyepesi, ilhali mawe mazito huning'inia au kuanguka. Vitu hivi hugongana mara nyingi mno, na kila vinapogongana vinaachiana chaji ya umeme, kama unavyosikia sweta ikilia "ta-ta-ta" unapoivua usiku. Juu ya wingu hujaa chaji chanya, chini hujaa chaji hasi.

Chaji hasi iliyo chini ya wingu huvuta chaji chanya ya ardhini. Mvuto ukizidi, mkondo wa umeme huanza kushuka kwa hatua, kila hatua kama mita 50, ukipinda huku na huku kama mtu anayetafuta njia gizani. Ukikaribia ardhi, vitu vilivyo juu navyo huinua vimkondo vyao kuulaki: mti, mlingoti, paa, hata kichwa cha mtu aliyesimama uwanjani. Kimkondo kitakachoushika wa kwanza ndicho kitakachopigwa. Njia ikikamilika, umeme mwingi hupita mara moja, na hewa hupata joto la nyuzi 30,000 hivi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hewa hiyo hupanuka kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho ngurumo.

Hebu zingatia jambo hili moja. Radi ikiwa bado juu mawinguni haijui itapiga wapi. Huamuliwa pale mwishoni, ikikaribia ardhi. Mti mmoja ukiwa mrefu kidogo kuliko mwenzake, mtu mmoja akiwa amesimama na mwingine amechuchumaa, mambo hubadilika. Hapo ndipo kinapotoka kile tunachokiita kuchagua.

MAAJABU NA MAELEZO YAKE

Sasa tuyachukue maajabu moja moja.

La kwanza, jogoo. Baadhi ya watu waliopigwa na radi wakapona, na hata wengine waliokufa, huonekana na alama nyekundu mwilini zenye umbo la jani la gugu au unyoya, zikitawanyika kama matawi. Alama hizo hufuata njia ya umeme kwenye ngozi, na hufifia baada ya saa au siku chache. Nayo ardhi iliyopigwa huweza kuwa na mifereji kama iliyoparurwa. Mtu asiyejua habari za umeme, akiona alama ya unyoya mwilini na mparuro ardhini, atafikiri nini? Atafikiri ndege. Kwa hiyo babu zetu hawakuwa wajinga. Waliona sawasawa, wakatafuta maelezo kwa vitu walivyovijua.

La pili, ng'ombe watano kufa na mchungaji kupona. Radi ikipiga mti, umeme hauishii pale. Husambaa ardhini kama mawimbi ya maji ulipotupa jiwe, na nguvu zake hupungua kila unapokwenda mbali. Kiumbe chenye miguu iliyotengana sana huupata mguu mmoja ukiwa penye nguvu nyingi na mwingine penye nguvu kidogo, na umeme hupita mwilini katikati. Ng'ombe ana hatua ndefu kutoka miguu ya mbele hadi ya nyuma, na moyo wake uko njiani. Mtoto aliyesimama miguu ikiwa pamoja huweza kuokoka palepale. Watu husema, "Alilengwa ng'ombe kwa sababu alikuwa wa mahari ya dhuluma." La, ng'ombe aliponzwa na miguu minne.

La tatu, mti kupasuka na kuchunika gome. Ndani ya mti kuna maji. Umeme ukipita, maji hayo hugeuka mvuke ghafla, na mvuke hauna subira. Hulipua gome kutoka ndani. Mikaratusi yetu, ile tunayoiita bulugamu, hukua mirefu kuliko kitu chochote bomani, ndiyo maana hupigwa mara kwa mara. Mtu aliyelowa jasho au mvua naye huweza kupatikana nguo zimeraruka na viatu vimetupwa kando, kwa sababu ile ile ya mvuke. Matanga mangapi yamezungumziwa viatu hivyo!

La nne, boma moja kupigwa mara mbili au tatu. Wazungu wana msemo kwamba radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Ni uongo. Kama boma liko kileleni mwa kilima kule Manga au Kiabonyoru, na lina mti mrefu pekee, yale yaliyoifanya radi ipige mwaka jana bado yapo mwaka huu. Huko Marekani kulikuwa na askari wa mbuga ya Shenandoah aitwaye Roy Sullivan, aliyepigwa na radi mara 7 kati ya mwaka 1942 na 1977, na zote akapona. Angekuwa wa kwetu, sijui ukoo wake ungekuwa na ugomvi na nani! Ukweli ni kwamba kazi yake ilimweka milimani, nje, mwaka baada ya mwaka.

La tano, nguo nyekundu na vioo. Radi haina macho. Shati jekundu na shati la kijani ni mamoja kwake. Kioo cha ukutani hakiiti kitu. Wala viatu vya mpira havikingi, kwa maana umeme uliopasua kilomita kadhaa za hewa hauwezi kushindwa na soli ya sentimita mbili.

La sita, simu ya mkononi. Hii ni hadithi mpya iliyozaliwa juzi juzi. Simu isiyounganishwa na waya haivuti radi. Ile iliyochomekwa kwenye stima ndiyo hatari, kwani radi ikipiga nguzo ya umeme husafiri kwa waya hadi ndani ya nyumba.

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba kila alilosema bibi ni upuzi. Bibi alisema, "Ondoka mlangoni mvua ikinyesha." Alisema, "Tupa jembe, acha shamba, ingia ndani." Alisema, "Usijikinge chini ya mti mkubwa." Yote hayo ni sawa kabisa hata kwa mwalimu wa fizikia. Pengine alikosea sababu, lakini tendo alilipatia. Busara ya wazee tuipepete kama wimbi kwenye ungo: chenga ziende, punje zibaki.

SWALI AMBALO FIZIKIA HAILIJIBU

Wenzetu wa upande wa pili bwenini wana hoja moja nzito, nami sitaki kuikwepa. Wao husema hivi: "Sawa, umetuambia jinsi radi inavyoua. Lakini hujatuambia kwa nini ilimuua yule na si mwingine."

Mwaka 1937, mtaalamu wa Uingereza aitwaye Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu imani za uchawi za Wazande, wanaoishi Sudan Kusini na Kongo. Aliona kwamba ghala likiwaangukia watu, Wazande walijua vizuri kuwa nguzo zimeliwa na mchwa. Hawakuhitaji kuelezwa. Walichouliza ni kwa nini ghala hili lianguke saa hii, watu hawa wakiwa wamekaa chini yake. Swali la mchwa lilikuwa limekwisha. Lililobaki ni swali la "kwa nini sisi". Jibu lao lilikuwa uchawi.

Swali hilo ndilo letu vilevile. Chukua kisa cha Oktoba 1998. Gazeti la L'Avenir la Kinshasa liliripoti kwamba radi ilipiga uwanja wa mpira katika jimbo la Kasai nchini Kongo, mechi ikiwa sare ya 1-1. Wachezaji wote 11 wa timu moja walikufa, na timu nyingine haikuguswa. Papo hapo watu wakasema ni uchawi. Habari ikazunguka dunia nzima. Lakini wakati ule vita vilikuwa vimepamba moto Kongo, na wanahabari wa nje hawakuweza kuithibitisha. Mwezi uo huo, mjini Johannesburg, radi ilishuka katika mechi ya Moroka Swallows na Jomo Cosmos, na wachezaji kadhaa wakaanguka mbele ya kamera. Hakuna aliyekufa. Kisa kipi ndicho kinachosimuliwa zaidi hadi leo? Cha 11. Ajabu hupendwa, nayo ikishapendwa haiombwi ushahidi.

Kwangu mimi jibu la "kwa nini yule" ni kwamba alikuwa pale, wakati ule, akiwa mrefu kidogo kuliko vilivyomzunguka. Najua jibu hili ni baridi. Halimfariji mama aliyefiwa. Jibu la mchawi lina joto, kwa sababu linampa mtu wa kumkasirikia. Lakini joto hilo limechoma watu, ndugu zangu, na hapa sitii chumvi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi walichomwa moto Gusii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi wa Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliuawa kwa moto katika vijiji vya Kisii kwa tuhuma zizo hizo. Oktoba 2021, akina mama wazee wanne waliuawa Marani. Sisemi kwamba visa hivyo vililetwa na radi. Nasema vilitoka katika chungu kimoja na ile minong'ono ya matangani: jambo baya limetokea, basi lazima kuna mtu aliyelituma, na mtu huyo aghalabu huwa bibi mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilikuwa na kifungu kilichofanya kumsingizia mtu uchawi kuwa kosa. Sheria hiyo haikumwokoa hata mmoja wa wale 11, kwa sababu umati haubebi kitabu cha sheria.

Ndiyo maana nasema kwamba kuijua radi ni zaidi ya kupita mtihani wa fizikia. Siku radi itakapopiga kijijini kwenu, kila mtu atakuwa akitafuta jina. Wewe uliyesoma unaweza kuwa ndiye pekee atakayesimama na kusema, "Wazee wangu, kwa heshima zote, tazameni mti huu ulivyo mrefu, tazameni jinsi marehemu alivyosimama chini yake." Pengine hawatakusikia mara ya kwanza. Lakini mtu mmoja akisema hivyo mapema, kabla jina la bibi fulani halijatajwa, huenda jina hilo lisitajwe kabisa.

TUFANYE NINI?

Haitoshi kueleza, yafaa pia tujue la kufanya. Nimeyakusanya haya machache.

1. Hesabu. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja hivi. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia hata kama mvua haijaanza kwenu. Acha mpira, acha netiboli, ingia ndani. Msirudi uwanjani hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kocha atanung'unika, lakini kombe halina thamani ya kijana mmoja.

2. Pa kujificha. Nyumba kubwa ya mawe yenye mabomba na waya za umeme ndiyo bora, au gari lenye bodi ya chuma, madirisha yakiwa yamefungwa. Kaa mbali na milango, madirisha, mabomba, na vyombo vilivyochomekwa. Kibanda cha nyasi, kituo cha basi kilicho wazi, na mti, hivyo si kimbilio.

3. Ukikutwa njiani au shambani, toka kileleni, jitenge na mti mrefu na ua la waya. Weka chini jembe na mwavuli wa chuma. Chuchumaa miguu ikiwa pamoja, usilale chifudifudi. Mkiwa wengi, tawanyikeni, msikumbatiane.

4. Mwenzako akipigwa, MGUSE. Mwili wake hauna umeme uliobaki, kwani umeme wa radi hupita chini ya nukta moja. Mara nyingi moyo na pumzi husimama, na huyo anayeonekana mfu anaweza kurudi. Piga kelele watu waite gari. Weka viganja katikati ya kifua chake, kandamiza kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka, na anayejua kumpulizia pumzi ampulizie. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba kati ya watu 10 wanaopigwa, takriban 9 huishi. Mwiko wa kutomgusa aliyepigwa ndio mwiko mmoja ambao ningeomba uzikwe leo hii, maana unaua mtu ambaye radi ilikuwa imemwacha.

5. Shule ziwekwe kinga ya radi. Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyeibuni, katika miaka ile ile ya jaribio lake maarufu la mwaka 1752. Ni fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene, na chuma kingine kilichozikwa ardhini. Haizuii radi kupiga. Huionyesha njia ya kupita nje ya nyumba. Paa la mabati juu ya kuta za matofali, bila waya wa kulishusha hadi ardhini, huweza kuurukisha umeme hadi kwenye vichwa vya waliomo. Tarehe 28 Juni 2011, radi ilipiga Shule ya Msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18. Walikuwa ndani ya shule, si uwanjani. Baadaye shule hiyo iliwekewa kinga. Kwa nini tungoje hesabu kama ile?

Nimalizie kwa ombi kwa wenzangu wa kidato cha kwanza na cha pili. Likizo ijayo, kaeni na bibi na babu, waulizeni habari za enkoba, mziandike daftarini: za jogoo, za mwizi aliyefuatwa, za mti uliopasuka. Hadithi hizo ni mali yetu, nazo zikipotea hazitanunuliwa dukani. Halafu baada ya kuziandika, waelezeni nao wazee juu ya ziwa, vilima, na mawe ya barafu yanayogongana mawinguni. Mkifika pale pa kumgusa aliyepigwa, rudieni mara mbili.